Nilisoma daftari la mtoto wa marehemu dada yangu

Shikamoo dada,

Nasoma safu hii muda mrefu, sikudhani kuna siku nitaandika mimi. Naishi Singida na mume wangu na watoto wetu wawili. Wa tatu ni mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 11, yuko darasa la tano. Dada alikuwa akiishi Katesh, chini ya Mlima Hanang. Alfajiri ile ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope lilipoporomoka kutoka mlimani, yeye na binti yake wa miaka minne hawakutoka. Huyu wa kiume alikutwa hai asubuhi, amekwama kwenye mabati ya nyumba ya jirani. Baba yao alikwenda machimboni kutafuta maisha siku nyingi, hajarudi, simu haipatikani.

Mchana ni mtoto kama wengine. Anakwenda shule, anacheza mpira, anakula. Kazi ni usiku. Mvua ikianza kugonga bati anaamka, anavaa viatu, anachukua begi la shule na kukaa nyuma ya mlango mpaka ikatike. Hata manyunyu. Msimu wa mvua anakojoa kitandani karibu kila siku. Kuhusu mama yake hajawahi kutamka neno. Ukitaja Katesh anatoka nje.

Mwaka huu mwalimu aliwapa insha, "Siku nisiyoisahau". Akarudisha karatasi tupu. Alipata sifuri na fimbo mbili za kiburi.

Muda si mrefu akaja kanisani kwetu mama mmoja aliyesoma mambo ya saikolojia, akatufundisha kwamba mtoto mwenye kiwewe akiandika yaliyompata, yanatoka moyoni na kubaki kwenye karatasi. Nikalishika neno hilo. Nikanunua kaunta buku, nikamkalisha mezani siku ya Jumamosi, nikamwambia, "Andika yote ya usiku ule, usiache kitu." Alikaa nusu saa akaandika mistari mitatu. Nilipoichukua nikaona hajaweka nukta wala herufi kubwa, nikamsahihishia kwa kalamu nyekundu ya mwanangu mkubwa. Nilidhani namsaidia. Usiku huo alipiga kelele mpaka majirani wakaja kugonga.

Sikumlazimisha tena. Ila baada ya wiki kama tatu niligundua anaandika mwenyewe kwa siri, na daftari analificha chini ya godoro. Siku nabadilisha shuka nikalifungua. Kurasa nyingi ni michoro ya malori na majina ya wachezaji wa Simba. Ukurasa mmoja una sentensi moja tu, ameiandika mara sita au saba, na kila mara ameikata: "Niliachia mkono wake."

Sijui ni mkono wa mama yake au wa mdogo wake. Nilirudisha daftari mahali pake, na tangu siku hiyo siwezi kumtazama usoni. Mume wangu anasema niache kumchokonoa, atasahau, mtoto wa kiume husahau. Mama mkwe anasema nimefukua kaburi. Niendelee kumwandikisha, au nilichome lile daftari? Na je, nimwambie kwamba nimesoma?

Mama Mdogo, Singida

*

Marahaba mdogo wangu,

Usilichome. Naanza na hilo kwa kuwa barua yako imekaa kwangu siku nne, na siku zote nne nilikuwa na hofu kwamba mama mkwe atanitangulia.

Katika yote uliyonieleza, daftari lile ndilo lililonipa moyo. Mtoto ambaye hajatamka neno tangu Desemba ile ametafuta kalamu mwenyewe, bila kuamriwa na mtu, akaandika jambo zito kuliko yote aliyobeba. Amelikata, ndiyo, lakini amelirudia. Anatafuta namna ya kulisema.

Sasa nikugombeze kidogo. Kalamu nyekundu, mdogo wangu! Mtoto anakuandikia habari za kifo cha mama yake, wewe unamtafutia herufi kubwa. Najua hukufanya kwa ubaya. Mimi mwenyewe nilifundisha darasa la nne miaka mingi kabla ya kusomea unasihi, na insha ya "Siku nisiyoisahau" niliitoa kila mwaka bila kujiuliza kati ya wale watoto hamsini na kitu ni nani ana siku ambayo angetoa chochote aisahau. Karatasi tupu nilizihesabu kuwa uvivu. Kwa hiyo tunagombezwa wote wawili.

Yule mama wa kanisani hakuwadanganya, ila aliwapa nusu ya habari. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, na mwenzake Sandra Beall waliwaita wanafunzi wa chuo kikuu, wakawataka waandike dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Wengine waliandika mambo ya kawaida tu, wengine jambo lililowaumiza kuliko yote maishani. Miezi iliyofuata, walioandika tukio pamoja na walivyojisikia walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao. Elimu ya uandishi wa namna hii imekua kutokana na kazi ile. Lakini zile siku zenyewe za kuandika, watu hao walitoka chumbani na huzuni zaidi ya waliyoingia nayo. Tena walikuwa watu wazima, waliokubali kwa hiari yao, wakaandika kwa siri bila jina. Wako ana miaka 11, alikalishwa mezani, na aliambiwa asiache kitu. Zile kelele za usiku hazikuwa ajabu.

Na maumivu hayahami kutoka moyoni kwenda kwenye karatasi kama maji yanavyohama kutoka ndoo hadi sufuria. Tukio la kutisha hukaa ndani ya mtoto vipandevipande: mlio, baridi, harufu ya tope, giza. Hakuna kipande chenye tarehe. Ndiyo maana bati likigongwa na mvua mwili wake unaamini kwamba ni usiku uleule tena, na anavaa viatu. Wahenga walishaliona hili waliposema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kusimulia, kwa mdomo au kwa kalamu, kunasaidia kuvipanga vipande hivyo viwe hadithi yenye mwanzo, katikati na mwisho, na mwisho wa hadithi ya mtoto huyu ni kwamba asubuhi watu walimwona juu ya mabati wakamshusha. Nadhani huko hajawahi kufika. Kila mara anakomea kwenye mkono.

Ila kupanga vipande hivyo kunataka maandalizi. Pale Moshi, na kule Bungoma nchini Kenya, ulifanyika utafiti mkubwa wa tiba ya kiwewe na majonzi kwa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Waliowahudumia hawakuwa madaktari, walikuwa wakazi wa maeneo hayohayo waliofundishwa kazi na kusimamiwa. Watoto walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, wiki 12, na walezi wao nao walikuwa na kikundi chao. Katika tiba ya aina hiyo mtoto haanzi na usiku wa msiba. Kwanza hufundishwa kutuliza pumzi na kuzipa hisia zake majina, na simulizi ya kifo huja baadaye, akiwa peke yake na mnasihi. Kenya faida ilikuwa bado inaonekana mwaka mmoja baadaye. Kwetu, kufikia mwaka huo, watoto waliopata tiba na waliopata huduma za kawaida walikuwa karibu sawa. Nakutajia na hilo la pili ili asije mtu akakuuzia daftari kama dawa ya miujiza.

Kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, walitumia kamba kwa watoto wa Kisomali. Mtoto anaitandaza sakafuni, kamba ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Panapokuwa na jambo zuri anaweka ua, pabaya anaweka jiwe. Ncha ya mwisho inaachwa imeviringishwa, kwa sababu miaka hiyo bado haijafika. Kisha anasimulia akitembea nayo, na mnasihi anaandika, kikao baada ya kikao, mpaka mtoto anakuwa na maisha yake yote kwenye maandishi.

Wewe nyumbani chukua maua tu. Mawe mwachie mtaalamu. Yaani mwache aandike au achore kabla ya Desemba: nyumba ilikuwaje, mbuzi walikuwa wangapi, mdogo wake alikuwa akiharibu nini, mama alikuwa akimwita kwa jina gani akiwa na hasira na kwa jina gani akiwa na furaha. Dakika kumi zinatosha, mchana, siku isiyo na mvua, na baadaye kuwe na kitu cha kufanya, mpira au chai. Akichora malori tu, ni malori. Usimuulize lori linahusianaje na mama yake. Na nukta na herufi kubwa uziache huko shuleni.

Halafu kuna jambo ambalo hukuligusia. Dada yako aliolewa wapi, alilea kwa lugha gani? Kama ninyi ni Wairaqw, kama wengi wa upande ule, basi huenda mtoto huyu usiku ule aliitwa kwa Kiiraqw, na sasa anaishi Singida kwenye nyumba ambayo kila kitu husemwa kwa Kiswahili. Sentensi aliyoikata mara saba ameiandika kwa lugha ya shule. Mwambie anaweza kuandika kwa lugha yoyote, hata kuchanganya, hata kama hajui tahajia yake. Na wewe uzungumze naye lugha ya mama yake. Humo ndani hana mtu mwingine wa kuizungumza naye.

Kuhusu kusoma kwako: mwambie. Najua wapo wanasihi watakaosema unyamaze, na wana hoja zao, maana anaweza kukasirika na kuacha kuandika. Lakini wewe mwenyewe umesema huwezi kumtazama usoni. Mtoto aliyeokoka kwa kusikiliza kila mlio wa usiku ameshaliona hilo, na yeye atalitafsiri kwa njia moja tu: mama mdogo amejua nilichofanya, na ananichukia. Msimamishe mahali ambapo hamtazamani ana kwa ana, mkichambua mboga au mkitembea kwenda dukani, useme mambo machache. Kwamba ulisoma daftari lake bila ruhusa na ulikosea. Kwamba umeona ile sentensi ya mkono. Kwamba hujamchukia, na hutamuuliza lolote, ila siku akitaka kusema utasikiliza mpaka mwisho. Basi. Ukifika hapo nyamaza, hata kama kimya kitakuumiza. Akitoka nje, mwache atoke.

Kisha mnunulie tranka dogo lenye kufuli, ufunguo akae nao yeye. Mwahidi kwamba hutafungua tena, na umweleze hapohapo mpaka wa ahadi hiyo: akikuonyesha kwamba anataka kufa, au kuna mtu anamuumiza, hutaweza kukaa kimya, utatafuta msaada. Ahadi isiyo na mpaka huo usimpe, utalazimika kuivunja.

Siku atakapouleta huo mkono, utasikia ulimi unakukimbilia kusema "Si kosa lako." Uzuie kidogo. Ukimwahisha nalo, anachosikia ni kwamba hutaki kusikia zaidi. Muulize kwanza maji yalikuwa yamefika wapi mwilini mwake. Aliona nini? Nani mwingine alikuwepo? Watoto hujilaumu, na nimekuja kuamini kwamba sababu moja ni hii: mwenye kosa angalau alikuwa na la kufanya, na hilo linavumilika kuliko kukubali kwamba usiku ule hapakuwa na la kufanya kabisa. Kwa hiyo kabla ya kumnyang'anya lawama yake, mpe habari za kweli. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ililowa maji ikameguka, na kwamba volkano haikuhusika. Tope lile lilishuka na mawe na magogo, likabeba nyumba. Zaidi ya watu 80 walikufa, wakiwemo watu wazima wenye mikono ya watu wazima. Mtoto wa miaka tisa hakuachia mkono, alinyang'anywa. Lakini neno hilo litakuwa na uzito likitoka baada ya yeye kumaliza kusema.

Mume wako nimempatia kazi, kwa kuwa nadhani yeye si mkatili, anaogopa tu. Amtembeze mtoto mtaani kwenu wakati wa jua. Amwonyeshe maji ya mvua yanapita wapi hapo kwenu, na kwamba juu ya nyumba yenu hakuna mlima. Yale mawe makubwa ya Singida yanaweza kuwa yanamtisha bila ninyi kujua, waende wakayapande wote wawili, aone yalivyokaa. Huo ni usemi ambao baba mdogo anauweza hata kama hapendi maneno mengi.

Kukojoa kitandani mpeleke hospitali aangaliwe kwanza kama hana ugonjwa mwingine, na shuka zifuliwe bila hotuba. Hapohapo, hospitali ya mkoa, ulizia huduma ya afya ya akili, na umwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Ukielekezwa hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, usirudi nyuma kwa sababu ya jina. Najua linavyotisha watu, hata mimi nililelewa kutishiwa nalo, lakini huko wapo wataalamu na mtoto haandikwi kichaa kwa kupita getini. Ukikwama, piga 116, ni simu ya bure ya kusaidia watoto, watakuelekeza. Na usisubiri chochote kati ya haya siku akisema au kuandika kwamba anataka kumfuata mama yake. Hapo ni kwenda siku hiyohiyo.

Shuleni nenda. Ila usiende na hasira. Mwombe mwalimu mkuu mambo mawili, mtoto apewe mada nyingine ya insha inapokuja ya namna ile, na fimbo zisitumike kumtoa maneno. Walimu wengi hawajui mtoto huyu ametoka wapi. Waambie.

Nimebakiza kalamu moja, yako wewe. Miaka ya tisini huko Uganda, akina mama waliokuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi, kupitia chama chao cha NACWOLA, walikuwa wakiwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: umezaliwa siku gani, ukoo wako ni upi, ulipenda kula nini. Dada yako hakupata muda huo. Lakini kuna mtu mmoja aliyelala naye kitanda kimoja utotoni, anayejua alianguka wapi akapata kovu lile, alimwogopa mwalimu yupi, na alicheka vipi. Barua yako kwangu ni ndefu, na habari za dada yako humo ni mstari mmoja, alikuwa akiishi Katesh. Nunua kaunta buku lingine. Andika la kwako, mwachie mezani, yeye asome wakati wake. Ukilia ukiandika na akakuona, usikimbilie kujifuta.

Na mvua ikianza usiku huu, usimrudishe kitandani. Vaa viatu vyako ukae naye nyuma ya mlango.